Maswali yenu: saunda inasema mita 4 katikati ya mkondo wa Pemba

Toleo lililopita niligusa ekosaunda, au saunda, ile mashine ya kuonyesha kina cha maji, kwa sentensi mbili tu nikasema mwenye swali atume. Jamani mmetuma. Nimesoma yote, yaliyofanana nimeyaunganisha, na kabla sijaanza niweke kitu kimoja mezani ambacho nitakirudia mpaka mchoke: ile mashine haipimi kina, inapima muda. Transdusa iliyoko tumboni mwa chombo inapiga mlio, mlio unashuka, unagonga chini, unarudi, mashine inahesabu umechukua muda gani, inazidisha na mwendo wa sauti kwenye maji ambao kiwandani wameuweka mita 1,500 kwa sekunde, inagawa kwa mbili, basi, hiyo ndo namba unayoiona. Kwahiyo ukiona namba ya ajabu usikimbilie kusema mashine imekufa, jiulize kwanza mlio uliorudi umetoka wapi, na hiyo namba imeanza kuhesabiwa kutoka wapi. Karibu kila tatizo mliloandika liko kwenye hayo mawili.

Nahodha wa boti ya abiria na mizigo, Tanga

Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba futi 38, nimefunga fishifainda (saunda ya kutafutia samaki) mpya huu mwezi wa pili, transdusa iko nyuma tezini. Nikitoka Tanga inasoma vizuri, 12, 20, 35, safi kabisa. Nikishavuka miamba nikaingia mkondo kwenda Mkoani namba zinaanza kupepesa, alafu zinapotea, alafu ghafla inaandika mita 4.2, mara 7, alamu inalia, abiria wanashtuka wanadhani tumepanda mwamba. Aliyeniuzia anasema nimeifunga vibaya, mi nasema kaniuzia kimeo. Nani mkweli?

*Jibu:* Marahaba nahodha. Hapa naona mnagombana bure. Mashine inayosoma mita 35 bila kutetereka ni nzima, na kama ingekuwa imefungwa vibaya ingekusumbua hata huko Tanga ndani ukikanyaga mafuta. Tatizo ni mahali ulipoipeleka. Ule mkondo wa Unguja na bara chini kuna mita 30, 40, kwingine 60, lakini mkondo wa Pemba unashuka mpaka mita mia nane hivi, na hiyo fishifainda yako naamini ni ya kilohezi 200 yenye wati mia tano au sita, sauti ya juu namna hiyo inamezwa haraka sana na maji ya chumvi, ikifika mita mia moja na kitu imejitahidi, mia mbili ni bahati. Baada ya hapo mlio unaenda haurudi.

Sasa mashine hizi zina tabia moja mbaya, zisiposikia chini hazikubali kukaa kimya, zinaongeza gein (ukali wa kusikia) zenyewe zikitafuta chochote kile kilichorudi, mapovu ya pangaboi, wingu la vidudu vya baharini, kundi la samaki, hata kelele za injini yako, zikikipata zinakuandikia hicho kama ndo chini. Ndo hiyo mita 4.2 yako.

Kuna na aina ya pili ya uongo inayowapata zaidi wenye mashine za kilohezi 50 zenye nguvu. Tuseme chini kuna mita 600, mlio unachukua sekunde 0.8 kwenda na kurudi, lakini wewe umeweka reinji (kina cha mwisho ambacho skrini inaonyesha) ya mita 100 kwahiyo mashine haisubiri, inapiga mlio mwingine na mwingine, ule wa kwanza ukija kurudi unahesabiwa kama ni wa huu wa sasa hivi, unaandikiwa mita 30 au 50 mahali ambapo hata nanga yako haifiki. Kujua ni rahisi: badilisha reinji. Chini ya kweli inabaki na namba ileile ukiwa kwenye 100 au 200 au 400, ya uongo inaruka au inapotea. Na ukitaka kujua kama ni mapovu, toa gia, acha boti itulie dakika moja. Namba ikifutika, ulikuwa unapima mapovu.

Cha kufanya: ukifika kwenye ukingo pale miamba inapoanguka, toa gein kwenye oto weka mkono, ishushe, au weka mashine isimame tu. Usitafute mashine kubwa zaidi kwa sababu ya ule mkondo, kwenye mita 800 kina hakikusaidii kitu, hela hiyo nunua jaketi za abiria. Lakini alamu usiizime ukaisahau. Upande wa Pemba chini inapanda kama ukuta, unatoka kwenye mia kadhaa unaingia kwenye matumbawe katika muda mfupi sana, na saunda inaangalia chini tu haiangalii mbele, ikikwambia mita 5 mwamba uko tayari chini ya miguu yako. Pale ni macho, chati na mwendo wa pole.

Afisa wa pili kwenye tagi (chombo cha kuvuta meli), Dar es Salaam

Fundi habari za kazi. Kwetu darajani saunda yenyewe inaandika 8.4, ripita (skrini inayorudia namba za saunda) ya kwenye ploti, mashine ya ramani, inaandika 12.0, muda huohuo, maji yaleyale. Chifu anasema tuamini ndogo, kepteni anasema ripita ndo mpya kwahiyo ndo sahihi. Tumebadilisha waya bado. Nisaidie maana tunabishana kila zamu.

*Jibu:* Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, na nitakaa hapa muda mrefu kidogo mnivumilie. Zote mbili ziko sahihi. Na ukiniuliza kuna ya tatu ambayo hamjaiona nayo iko sahihi.

Kina kinaweza kuhesabiwa kutoka sehemu tatu: usoni mwa transdusa, kutoka usawa wa maji, au kutoka chini ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa chombo. Tuseme kwenye tagi yenu transdusa iko mita 3.6 chini ya maji, na mkuku umeshuka nusu mita zaidi ya transdusa. Mashine ikihesabu kutoka kwa transdusa inasema 8.4. Ukitaka kina chote kutoka juu ya maji unajumlisha 3.6 unapata 12.0, hiyo ndo ripita yenu. Na ukitaka kujua umebakiwa na maji kiasi gani chini ya mkuku unatoa 0.5, unabaki na 7.9, na hii ambayo hakuna mtu anaiangalia ndo inayokuokoa. Wewe na chifu na kepteni mnabishana kuhusu bahari moja mkiwa mmesimama kwenye ngazi tofauti.

Tofauti hiyo inaingilia wapi? Kwenye lugha mashine zinazoongea. Saunda inatuma habari kwa mtindo wa NMEA, kuna sentensi inaitwa DBT, hiyo inabeba kina cha kutoka kwa transdusa tu, na kuna DPT, hiyo inabeba kina cha transdusa pamoja na namba ya pili ya kurekebisha, namba hiyo ikiwa chanya inakupeleka juu kwenye usawa wa maji, ikiwa hasi inakupeleka chini kwenye mkuku. Ripita nyingine inasoma DBT, nyingine inasoma DPT, nyingine ina ofseti (hiyo namba ya kurekebisha) yake yenyewe ambayo fundi aliyepita aliiweka akaondoka nayo kichwani, ukiwa na bahati mbaya ofseti inajumlishwa mara mbili, saunda imejumlisha na ploti imejumlisha tena. Hapo unaonyeshwa maji ambayo hayapo.

Ushauri wangu fanyeni hivi siku mkiwa gatini maji yametulia. Chukueni bildi, kamba na risasi, ile ya wazee, hamna haja ya kuona aibu. Shusheni usawa wa transdusa kulia na kushoto, pimeni kutoka usawa wa maji, chukueni wastani. Someni mzamo wa chombo kwenye namba za ubavuni. Alafu mje darajani mlinganishe. Mkishajua kila skrini inahesabu kutoka wapi andikeni kwenye karatasi, gundisheni pembeni ya skrini: HII CHINI YA MKUKU. HII KUTOKA JUU YA MAJI. Kumbukeni ile ya juu ya maji inategemea mzamo, mkijaza mafuta tangi zote transdusa inazama zaidi na ofseti ya jana sio ya leo, ndo maana mimi kwa kazi ya kila siku napenda chini ya mkuku, haibadiliki. Na mkitaka kulinganisha na chati lazima mtoe maji ya wakati ule, hapa Dar bamvua, siku maji yanapojaa sana, linaweza kupanda karibu mita 4, mkiwa na 12.0 na maji yamepanda 3, chati itawaandikia 9, msiseme chati ni ya zamani.

Kingine angalieni kipimo. Nimekuta saunda imerudi kwenye futi baada ya umeme kukatika, inaandika 20, mtu anafurahi ana mita 20 kumbe ana mita 6. Na pima za wazee nazo zipo kwenye menyu, pima moja ni mita 1.83.

Alamu je? Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty ilikuwa inatoka Bermuda kwenda Boston, Marekani, ina watu zaidi ya 1,500, waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka tangu jana yake na hakuna aliyejua, meli ikatoka njiani maili kama 17, ikapanda fungu mashariki ya Nantucket. Saunda ilikuwepo, inafanya kazi. Alamu yake ilikuwa imeachwa kwenye mita 0. Nashukuru Mungu hakuna aliyekufa, lakini mimi kila nikipanda darajani, kitu cha kwanza natizama ni hiyo alamu imewekwa ngapi, na nawaomba nyie wa zamu mfanye hivo kabla hamjapokea.

Mhandisi wa meli ya mizigo, Unguja

Mambo fundi. Tangu tushuke chelezo miezi mitatu iliyopita saunda yetu imedhoofika. Zamani ilikuwa inafika mita 150 bila shida sa hivi ikivuka 30 inapotea. Bandarini inasoma. Tajiri anataka kununua mashine mpya, mi nasita.

*Jibu:* Sita hapohapo, endelea kusita. Miaka ya nyuma nilimshauri tajiri mmoja anunue skrini mpya kwa dalili hizihizi unazoniambia, akanunua, tukafunga, na ile mpya ikawa dhaifu vilevile. Tulipomteremsha mzamiaji akakuta uso wa transdusa umepakwa rangi ya tumbo la meli, koti mbili nzito, vijana wa chelezo hawakuifunika na mimi sikwenda kukagua kabla meli haijarudi majini. Hela ya yule mzee inaniuma mpaka leo. Rangi nzito ile ina vipovu vya hewa ndani yake na hewa ndo adui mkubwa wa hii sauti, mlio unatoka umechoka na unarudi umechoka zaidi, ndo maana gatini inasoma kwenye maji mafupi, kina kikiongezeka inakosa.

Kabla ya mzamiaji lakini anza ndani, haina gharama. Pima umeme nyuma ya mashine wakati inafanya kazi, sio ikiwa imezimwa, nimeona saunda ya volti 24 inapewa 19 kwa sababu ya waya uliooza njiani. Fungua kiunganishi cha transdusa, ukikuta kijani ndani safisha, kausha. Pima waya wa transdusa kwa mita ukiwa umeuchomoa kwenye mashine, waya kwa waya na waya kwa bodi, ukikuta umegusana na bodi maji yameshaingia na hiyo kazi ya mzamiaji haitasaidia. Alafu shuka chini kule kwenye chumba cha transdusa na bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini kwenye sikio, utasikia tik, tik, tik. Ukiisikia, mashine inatuma. Usipoisikia rudi juu.

Vyote vikiwa vizima mteremshe mzamiaji na brashi laini. Sio kisu, sio msasa wa mashine, na msiifute na thina au asetoni, zile za plastiki zinapasuka uso. Kama ni uchafu wa bahari, yale magamba magumu yanayoganda, yatoke taratibu kwa kipande cha mbao. Safari ijayo chelezo simama wewe mwenyewe, ifunikwe kwa tepu kabla ya rangi, na ukitaka kuikinga na uchafu ipakwe koti moja jepesi la rangi ya kuzuia uchafu iliyotengenezwa kwa maji, basi.

Niongeze na hili kwa wengine mlioandika kwamba saunda inapotea mkirudi nyuma tu, au mkitumia pangaboi la omo, lile la mbele, au siku za kusi meli ikiwa tupu. Hamna ugonjwa hapo. Ni mapovu yanapita chini ya transdusa. Transdusa ikishawekwa mahali pabaya hakuna seting itakayoiponya, dawa ni kuihamisha, na mahali pazuri kwa meli za mwendo wa kawaida ni kati ya theluthi na nusu ya urefu kutoka omo, karibu na mkuku, mbali na matundu ya maji ya kupoza injini na mbali na pangaboi zote.

Meneja wa meli ndogo, Mombasa

Fundi habari. Meli yetu ni GT 420 (ukubwa wa meli kwa ujazo), inapiga Mombasa, Tanga, Dar, Comoro. Saunda imezeeka, ile ya karatasi na karatasi zenyewe hazipatikani. Mwenye meli anasema tununue fishifainda ya Garmin ama Lowrance ni bei poa na skrini ni kubwa. Ama tutafute second hand Dubai. Wewe unaonaje?

*Jibu:* Fishifainda hizo ni mashine nzuri, nazifunga kila siku kwenye boti, ila kwa meli yako ukaguzi hautapita, na sio ubishi wa makaratasi tu. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya 5, kanuni ya 19, unataka meli za kuanzia GT 300 na meli za abiria ziwe na kipima kina, na IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, limeweka viwango vya mashine yenyewe: isome kutoka mita 2 mpaka 200 chini ya transdusa, iwe na reinji fupi ya mita 20 na ndefu ya mita 200, ikosee si zaidi ya nusu mita kwenye ile fupi na mita 5 kwenye ndefu, au asilimia 2.5, ile iliyo kubwa zaidi, ionyeshe dakika 15 zilizopita, ihifadhi masaa 12, iwe na alamu ya kina na alamu ya umeme kukatika, na iendelee kusoma meli ikilala digrii 10. Ukiitazama orodha hiyo ni mambo ambayo siku ya shida utayahitaji kweli. Wewe unatoka Kenya kwenda Comoro, hiyo ni safari ya kimataifa, usijaribu. Wenye vyombo vidogo vya ndani ya nchi waulizeni wasimamizi wa vyombo, KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania bara au ZMA kule Zanzibar, kabla hamjalipa, sio baada.

Kwahiyo nunua saunda ya meli, kama Furuno FE-800 na wenzake, tafuta kwenye kibandiko ile alama ya usukani wa meli, inayoonyesha imeidhinishwa kwa meli. Masafa: ungekuwa bandarini tu ningekwambia kilohezi 200 inatosha, inaona vizuri maji mafupi na boriti yake, yaani upana wa mlio unaoshuka, ni nyembamba, lakini unavuka kwenda Comoro, chukua ya masafa mawili, 50 na 200. Ya 50 inafika mbali, ila boriti yake ni pana kwahiyo kwenye mteremko itakuandikia ile sehemu ya mwamba iliyo karibu zaidi hata kama haiko chini yako sawasawa.

Second hand Dubai au Sharjah sikatazi, nimeshafunga zilizotoka meli za kuvunjwa zikafanya kazi miaka. Shida ni kwamba wengi wanauza skrini bila transdusa, mtu anakuja na skrini ya 50 anataka kuiunga kwenye transdusa ya 200 iliyoko chini. Haiwezekani. Transdusa ni kipande cha kauri kilichokatwa kiimbe sauti moja, ukikilazimisha sauti nyingine hakiimbi, na ukikipa wati nyingi kuliko uwezo wake kinapasuka. Soma kibandiko cha transdusa yako ya zamani kwanza, kama hakisomeki hesabu bei ya transdusa mpya na siku za chelezo, mara nyingi ile bei poa inaishia hapo. Na kwa meli ya chuma usikubali transdusa ya shaba kugusa bodi, chuma chako kitaliwa, tumia ya chuma cha pua au ile inayokaa kwenye tangi lake maalum.

Mwenye boti ya mizigo, Mwanza

Nina saunda mbili, moja 50 moja 200. Huku visiwani nyingine inasema mita 6 nyingine mita 7 na nusu. Nimeambiwa ni kwa sababu ziwa halina chumvi.

*Jibu:* Hapana ndugu yangu, chumvi unaionea. Maji ya ziwa ya joto kama digrii 25 mwendo wa sauti ni karibu kabisa na ile 1,500 ya kiwandani, wewe ndo unasoma vizuri kuliko sisi wa pwani, huku bahari ikiwa na joto la 28 sauti inakimbia mita 1,540 hivi, mashine zetu zinasoma pungufu kidogo, mita 20 inaandikwa 19 na nusu, na ni pungufu upande wa usalama kwahiyo hatulalamiki.

Kwako ni tope. Lile tope laini la ziwa ni kama uji, kilohezi 200 inagonga juu ya uji inarudi, 50 inapenya inaenda kugonga pale palipokaza. Shusha bildi utaielewa mkononi, inafika inaanza kuzama polepole badala ya kusimama. Uamini ya 200. Injini yako inavuta maji ya kupoza kutoka kwenye uji huohuo. Na magugu maji yaliyooza yakaenda chini yasikutishe, hayo nayo yana hewa, yanarudisha mlio kama mwamba.

Mwanafunzi wa ubaharia, Dar es Salaam

Nani aliianzisha hii mashine?

*Jibu:* Mjerumani Alexander Behm, alipewa hataza yake 1913. Meli ya Titanic ilikuwa imegonga barafu ikazama mwaka mmoja nyuma na yeye alikuwa anatafuta namna ya kugundua siwa za barafu kwa mlio, barafu ikawa ngumu, chini ya bahari ikajibu vizuri. Kati ya 1925 na 1927 meli ya Kijerumani Meteor ikapima kusini mwa Atlantiki kwa mlio, vipimo zaidi ya elfu sitini na saba, kazi ambayo kwa bildi ya waya mtu angezeeka. Na ndugu wawili wa Furuno kule Nagasaki, Japani, 1948 wakaigeuza iwe ya kutafutia samaki. Mwenzako wa Kigoma aliyeuliza kama kuna mashine ya kufika chini ya Tanganyika: ipo, lile ziwa lina mita 1,470 na mashine za utafiti za kilohezi 12 zinafika kwenye vina vikubwa kuliko hivyo, lakini ni kubwa na bei yake sio ya mtumbwi.

Nahodha wa jahazi, Lamu

Asalaam aleikum. Jahazi langu ni la mbao, nataka kuweka hii ya kupima kina, fundi mmoja amesema agundishe transdusa ndani kwa gundi nisitoboe. Itafanya?

*Jibu:* Waaleikum salaam nahodha. Haitafanya. Kugundisha ndani ni kwa faiba ngumu isiyo na povu katikati. Mbao ina hewa ndani yake, mlio utafia hukohuko. Kutoboa inawezekana, lakini transdusa iwe ya shaba, usikubali ya plastiki, mbao ikinywa maji ikavimba inaibana plastiki mpaka inavunjika na hapo una tundu chini ya maji.

Ila kwa jahazi mimi ningekwambia usitoboe. Nyie mnakipweleza chombo ufukweni, kinalala ubavu, mnakikalafati, mnapaka deheni, transdusa iliyotokeza itakaa chini ya uzito wote ule na ikipona itapakwa deheni na kijana asiyejua. Chukua boriti nzuri au bomba la mabati, funga transdusa kwenye ncha, itengenezee mahali pa kushika ubavuni kuelekea katikati ya chombo, ukikaribia mlango au fungu unaishusha iwe chini zaidi ya mapovu ya ubavu, ukitweka ukaenda maji makuu unaipandisha. Ncha ikae wima, ikiinama itapima pembeni. Betri ya volti 12 inatosha, fyuzi iwe karibu na betri. Kama bado moyo wako uko kwenye kutoboa basi nitumie kwanza picha ya mkuku na ubao wa pembeni yake, kabla hujashika keekee.